Kaka muuza nyama, hiyo mashine usiiuze kwa bei ya chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu, muuza nyama wa Kizota, aliyelalamika hapa kuhusu mashine za kunolea visu, zile zinazozungusha jiwe ndani ya maji. Amesema ni pambo la kuwapumbaza watu, yake imemharibia visu vinne vizuri, na sasa anatafuta wa kumuuzia kwa kilo kama chuma chakavu. Barua ile niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilisikitika, maana kila ugonjwa alioutaja naujua kama ninavyoijua malaria: mashine inatikisika, kisu kinatoka na mawimbi, maji yanachuruzika hadi miguuni, na makali yanakufa kabla mbuzi wa pili hajaisha. Mashine yako si mbovu, kaka yangu. Haijawekwa sawa tu tangu ilipotoka kwenye boksi.

Nijitambulishe kidogo, ili usidhani ni mtu wa duka anayetetea biashara. Mimi ni mama wa miaka 54, nanoa visu Chang'ombe hapa Dodoma. Kabla ya hapo nilipika kwa miaka 19 katika shule moja ya bweni, na aliyewahi kukata kabichi za kulisha wanafunzi mia sita kwa kisu butu hahitaji kuelezwa thamani ya makali. Marehemu baba yangu alikuwa mnoa visu wa baiskeli. Aliisimamisha kwenye stendi, akakanyaga pedeli, mkanda ukazungusha kinoo kilichofungwa juu ya usukani. Juu ya kinoo alining'iniza kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, maji yakawa yanadondoka tone moja moja juu ya jiwe. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kwa ajili ya kutuliza vumbi. Nilipomuuliza, alisema kisu kina kiu, akaendelea kukanyaga.

Kiu hiyo nilikuja kuielewa ukubwani. Chuma cha kisu hupikwa kiwandani hadi kiwe kigumu, halafu hurudishwa kwenye moto wa kadiri, nyuzi 200 hivi, kisivunjike kama kioo. Ukikinoa kwa kitu kinachokwenda kasi bila maji, ile ncha nyembamba ya makali inashika moto kuliko mwili wote wa kisu, kwa sababu haina unene wa kupokea joto. Ikifika nyuzi 220 inaingia rangi ya majani makavu. Ikifika 300 inakuwa ya bluu, na hapo umeshakirudisha kisu chako kuwa bati. Utakinoa, kitakata karatasi mbele ya macho yako, lakini ukikipeleka buchani kinalala baada ya nusu saa. Wewe utasema kisu ni feki, kumbe kiliungua.

Ndiyo maana siipendi kabisa tabia iliyoenea mjini ya kunoa visu na panga kwa grainda ya kukatia vyuma. Siku moja nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Jiwe langu lilipokuwa jipya lilikuwa na kipenyo cha milimita 250, nalo lilizunguka mara 90 kwa dakika. Sikuambiwa na mtu, niliweka alama ya chaki nikahesabu huku nikitazama saa. Maana yake uso wa jiwe ulitembea kama mita 70 kwa dakika, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Grainda ndogo ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na uso wake unakimbia karibu kilomita 4 katika dakika hiyo hiyo. Hiyo ni kilomita 240 kwa saa. Treni yetu ya SGR inayotupeleka Dar mwisho wake ni 160. Sasa unashika kisu cha jikoni unakigusisha kwenye kitu chenye mwendo huo, kikiwa kikavu, halafu unashangaa cheche.

Mashine hizi za jiwe la maji zilipata umbo lake la leo Uswidi, katika kampuni ya Tormek iliyoanzishwa mwaka 1973 na Torgny Jansson. Yangu si hiyo, ni ndugu yake wa bei nafuu, lakini mpango ni uleule: upande mmoja jiwe kubwa linalochovya ndani ya kihori cha maji, upande mwingine gurudumu la ngozi, katikati mota ndogo, na mbele chuma cha mviringo cha kuegemezea kisu. Mpwa wangu aliniletea miaka sita iliyopita ikiwa ndani ya boksi. Humo kulikuwa na kijitabu cha lugha nyingi, hata ambazo sijui zinasemwa wapi, na Kiswahili hakikuwemo. Nikafanya kama ulivyofanya wewe, kaka. Niliiweka juu ya kimeza cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, nikajaza maji pomoni, nikawasha.

Tuanze hapo basi, mezani. Mashine hii inataka meza nzito isiyoyumba, na jiwe liwe usawa wa kiuno chako, siyo kifua. Ukinoa ukiwa umenyanyua mabega, mikono inatetemeka na kila mtetemo unaandikwa kwenye makali. Weka pimamaji juu yake. Kama huna, bakuli la maji litakuonyesha upande unaolala. Ikilala upande mmoja, maji yanatelemkia upande huo wa kihori, upande mwingine wa jiwe unabaki mkavu, na jiwe linalonyweshwa nusu linakwisha nusu. Chini ya mashine tandika sinia la bati, maana hata ikiwekwa sawa namna gani, maji kidogo lazima yafuate kisu na kudondoka.

Kujaza maji kuna utaratibu wake. Jiwe kavu linakunywa kama ngamia. Ukijaza kihori ukaanza kunoa papo hapo, baada ya dakika mbili utakuta kihori kitupu na utadhani kinavuja. Wengi wameniletea mashine wakiniambia inavuja. Haivuji. Jaza, washa, liache jiwe lizunguke bila kugusishwa kitu dakika tano, ongeza maji, subiri tena, ongeza. Litakapokuwa limeshiba, maji yatabaki usawa mmoja. Hapo ndipo uanze kazi.

Kosa linalofuata ndilo naamini limekuua wewe, kaka, na liliniua na mimi. Kazi ikiisha, kihori kiteremshwe na maji yamwagwe. Ukiliacha jiwe limesimama ndani ya maji usiku kucha, sehemu ya chini inalowa kupita kiasi na ya juu inakauka. Asubuhi una jiwe lenye upande mzito na upande mwepesi, upande laini na upande mgumu. Ukiwasha, linazunguka kwa kusitasita, linateremka haraka na kupanda kwa kujikokota. Ukinoa juu yake katika hali hiyo, ule upande laini unaliwa zaidi, na baada ya wiki moja jiwe si duara tena bali yai. Mtikisiko unaousikia mkononi ni hilo yai linapiga kisu mara moja kila mzunguko. Mawimbi uliyoyaona kwenye visu vyako vinne ni picha ya jiwe lako.

Kulipima ni rahisi. Zima mashine. Sogeza chuma cha kuegemezea hadi kibaki na jiwe nafasi ya kupitisha karatasi. Zungusha jiwe kwa mkono taratibu ukiangalia ile nafasi. Ikifunguka na kujifunga, jiwe limepoteza duara. Dawa yake ni kifaa chenye ncha ndogo ya almasi kinachofungwa kwenye kile chuma cha mbele. Unakipitisha kutoka ukingo huu hadi ule polepole sana, jiwe likizunguka na maji yakiwemo, huku ukila kiasi kidogo tu kila mara, chini ya nusu milimita. Mtu mwenye pupa akila milimita mbili kwa mara moja, jiwe linachimbika mistari kama shamba la jembe la ng'ombe, na ncha ya almasi inaweza kung'oka. Mimi yangu nilipoinyoosha mara ya kwanza nilitumia saa nzima, jirani muuza mkaa akaniuliza kama nasubiri mtu. Nilipomaliza, mashine ilinyamaza. Kwa wiki tatu nilikuwa nimezoea mngurumo ule nikidhani ndiyo sauti yake.

Lipo na tatizo lingine linalofanana na hilo lakini silo. Kisu kinateleza juu ya jiwe, hakisikiki kuchunwa, na maji ya kihori yanabaki meupe badala ya kuwa meusi. Hapo jiwe ni duara, ila uso wake umeziba kwa vumbi la chuma na umeng'aa. Mashine nyingi huja na kipande cha jiwe chenye sura mbili, moja ya kukwaruza na nyingine laini. Ukilikandamiza jiwe kubwa kwa sura ya kukwaruza kwa nusu dakika, linafunguka na kuwa kama msasa namba 220, la kula chuma haraka. Ukilikandamiza kwa sura laini dakika moja au zaidi, linakuwa karibu na msasa namba 1000, la kumalizia. Jiwe moja, kazi mbili. Waliokipoteza kile kipande wakidhani ni taka ya boksi ni wengi mno.

Sasa maji yenyewe. Maji ya Dodoma sote tunayajua. Mengi yanatoka kwenye visima vya Makutupora, na ardhi yetu imeyatia chumvichumvi zake. Angalia birika lako la chai kwa ndani. Ule ukoko mweupe ndio unaojijenga pembeni mwa kihori, kwenye mhimili na kwenye tundu la jiwe. Anayetumia mashine hii mahali penye maji laini huenda asiuone mwaka mzima. Mimi niliuona mwezi wa pili. Kihori nakisugua kwa siki au ndimu na kukisuuza. Jiwe na mhimili siviwekei ndimu, maana tindikali ikibaki kwenye chuma inaita kutu.

Na kutu ndiyo inayogandisha jiwe kwenye mhimili. Mteja mmoja kutoka Mpwapwa alikuja na mashine ambayo jiwe lake limekwisha, amebadilishiwa kila kitu isipokuwa jiwe, kwa sababu halitoki. Mafundi wawili walishaligonga kwa nyundo na limepasuka kipande. Jiwe la kunolea halipigwi nyundo, jamani. Tulilimwagia mafuta ya kulegeza kutu, tukalifunika, likalala siku mbili, siku ya tatu likageuka kwa mkono. Tangu hapo kila baada ya miezi mitatu nalitoa jiwe langu, nafuta mhimili, napaka grisi kiasi cha punje ya mahindi, narudisha.

Kwa kazi ya kila siku natumia maji ya mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo nina pipa moja limetengwa kwa mashine, na wajukuu wanajua kwamba pipa lile halichotwi hata kwa kunawa. Watu wananicheka kwamba mashine yangu inakunywa maji bora kuliko wageni. Inakunywa lita moja na kidogo kwa siku, haimfilisi mtu.

Ndani ya kihori nimetumbukiza sumaku ya spika ya redio iliyokufa. Inakusanya vumbi la chuma lisirudi kwenye jiwe. Jioni naitoa imeota ndevu nyeusi, naifuta kwa gazeti. Samahani, Mhariri, gazeti lako nalisoma kwanza.

Nije kwenye kunoa kwenyewe, ambako kila mtu anadhani anajua. Jambo la kwanza ni mlalo wa kisu. Kisu cha mboga na cha kuchunia ngozi nakilaza nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kisu chako cha bucha ni 20 hivi. Shoka la mifupa na panga ni 25, kwa sababu makali membamba mno yakikutana na mfupa yanameguka. Huna kipimo? Chukua kona ya karatasi, hiyo ni nyuzi 90. Ikunje katikati, ni 45. Ikunje tena, ni 22 na nusu. Hicho ndicho kipimo cha bucha, hakinunuliwi. Kisha paka wino wa maka kwenye mteremko wote wa makali, kipitishe kisu juu ya jiwe mara moja, tazama. Wino ukifutika karibu na ncha tu, umekisimamisha mno. Ukifutika nyuma tu, umekilaza mno. Sogeza chuma cha kuegemezea hadi wino ufutike wote kwa pamoja. Na ukumbuke kwamba jiwe linapungua. Langu lilianza 250, juzi nimelipima ni 221. Chuma ukikiacha mahali pale pale huku jiwe likizidi kuwa dogo, mlalo unabadilika bila wewe kugusa kitu. Kila wiki narudia wino.

Jiwe linazunguka kuja kukutana na makali, na maji yanateremka nalo. Hapo maji ni mwalimu. Makali yakiwa bado hayajagusa sawasawa, maji yanapita chini ya kisu. Yakigusa, maji yanaanza kupanda juu ya ubapa, na ukiona yanapanda urefu wote wa kisu kama pazia moja, ujue umeshika. Usikandamize. Uzito wa mkono unatosha. Kisu kitembee muda wote, kushoto kulia, hata nukta moja kisisimame, maana kikisimama kinachimbika. Unapofika kwenye mkunjo karibu na ncha, nyanyua kipini kidogo. Na ncha isitoke nje ya jiwe. Ikifika katikati ya upana wa jiwe, rudi. Ncha zote za visu zilizogeuka duara kama ulimi wa ng'ombe zimeharibika hapo.

Noa upande mmoja hadi upande wa pili uote ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja. Mimi nauita unywele. Unausikia kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kukatisha makali, kamwe siyo kufuata urefu wake. Unywele ukiwa umeota kutoka mwanzo hadi ncha, geuza. Usipoota, hujamaliza, hata kama umechoka. Kisu kinachokata kwa ukali wa ajabu siku ya kwanza na kufa siku ya pili mara nyingi ni kisu ambacho unywele wake haukuondolewa. Ulikuwa unakatia unywele, ukavunjika, ukabaki na kisiki.

Unywele unaondolewa kwenye gurudumu la ngozi, na hapa nina kovu la aibu. Ngozi kavu unaipaka mafuta ya cherehani kidogo, halafu dawa ya kung'arishia inayokuja kwenye tyubu, unaisambaza. Kwenye ngozi kisu kinafuata mzunguko, makali yakiwa yanakimbiwa na gurudumu. Kwenye jiwe ni kukutana, kwenye ngozi ni kufuatana. Wiki ya kwanza nilisahau, nikaweka kisu cha muuza samaki kikabili mzunguko kama nilivyozoea kwenye jiwe. Kilizama ndani ya ngozi, kikachomoka mkononi, kikaruka hadi kwenye ndoo ya nyanya za jirani. Namshukuru Mungu palikuwa pamepita mtoto dakika moja kabla. Ngozi ilichanika urefu wa kidole. Fundi viatu wa karibu na Soko la Majengo aliitia gundi, akaifunga kwa mpira wa baiskeli usiku kucha, na ngozi ileile natumia mpaka leo. Kovu lile nikiliona kila mzunguko nashika kisu kwa adabu.

Kiangazi, upepo wetu ukianza kuvuma na vumbi jekundu, gurudumu la ngozi nalifunika kwa khanga. Punje moja ya mchanga kwenye ile dawa inatosha kuchora mstari katika kisu cha mtu.

Kuhusu umeme nitasema machache ila msiyapuuze. Waya uache uning'inie uwe na tumbo chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji likifuata waya lidondoke pale tumboni, lisiingie ndani. Ekstensheni nyembamba ndefu inaupunguza umeme njiani, mota inapata joto na kunuka. Mota za mashine hizi ndogo hazikuumbwa kuzunguka kutwa, kwa hiyo nusu saa ya kazi naipa mapumziko. Ukisikia mota inanguruma lakini jiwe limesimama, ama unakandamiza mno, ama kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma jiwe kimepata mafuta na kinateleza. Kifute kwa spiriti, kikwaruze kidogo kwa msasa, kitashika tena.

Na mwenye ndugu Marekani, soma kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka. Kijana mmoja wa Area C aliletewa mashine kutoka huko imeandikwa volti 120 na hezi 60, hezi zikiwa ni mara ambazo umeme unapiga mzunguko kila nukta. Alipotaka kuichomeka kwenye 230 nilimshika mkono. Akanunua transfoma, sawa, ikawaka, lakini transfoma inabadili volti tu, haigusi hezi. Hapa kwetu ni 50, kwa hiyo mota yake inazunguka pungufu, yaani mahali pa mara 90 inakwenda 75, na inapata joto zaidi. Anaitumia dakika kumi kumi.

Nani anahitaji yote haya, utauliza. Ijumaa jioni meza yangu inajaa visu vya wachoma nyama wanaokwenda mnada wa Msalato Jumamosi. Mafundi cherehani wananiletea mikasi, ambayo nainoa mteremko wake tu na sigusi kamwe zile nyuso mbili za ndani zinazokutana. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanakuja na mikasi ya kupogolea kabla ya kupogoa, maana mkasi butu unaponda tawi badala ya kulikata, na jeraha lililopondwa linachelewa kupona na linakaribisha magonjwa. Mzee mmoja hushuka kwenye basi na mikasi yote ya jirani zake ndani ya ndoo. "Mbukwa, mama," ananisalimia kwa Kigogo, anaitua ndoo, anakwenda kunywa chai. Mkasi wa kupogolea una ubapa mmoja tu wenye makali, na mteremko uko upande mmoja. Wanaonoa pande zote mbili wanauua.

Kikundi kimoja cha vijana, sitakitaja, kilinunua mashine tatu za aina hii. Mbili ziko stoo. Niliomba kuziona. Zote mbili mawe yamekuwa mayai, vipande vya kusugulia havijulikani vilipo, na kihori kimoja kilikuwa bado na maji ya mwaka jana, yenye viluwiluwi. Hakuna kilichovunjika. Vijana wale si wazembe, walipewa boksi lisilozungumza nao. Wauzaji mnaosoma gazeti hili, karatasi moja tu ya Kiswahili ndani ya boksi, upande mmoja, ingetosha. Iseme jiwe linyweshwe, kihori kimwagwe, jiwe lipimwe duara, ngozi isikabiliwe. Kama hamna wa kuiandika, nitaiandika mimi bila malipo, mradi mchapishe kwa herufi zinazosomeka na mtu wa umri wangu.

Na wewe kaka wa Kizota, usiiuze kwanza. Leo kihori kimwage, jiwe litoe, lianike kivulini siku mbili, siyo juani, halafu lete mashine yote hapa Chang'ombe asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa. Ukiulizia mama mnoa visu mwenye pipa la mvua utaelekezwa. Kulinyoosha jiwe sitakutoza. Visu vinne vyenye mawimbi nitakutoza shilingi 1,000 kila kimoja kama mteja mwingine, na kimoja kati ya hivyo, kile unachosema kimegeuka bluu karibu na ncha, hicho hakikuharibiwa na mashine ya maji. Uje unieleze ni nani alikipitisha kwenye grainda.

Mnoa visu,
Chang'ombe, Dodoma